Nguvu Isiyodai: Uhakiki wa Imani ya Ujedi
Uhakiki huu unachunguza Ujedi, dini iliyochipuka kutokana na filamu ya Star Wars (1977) ya George Lucas. Waumini wake huiheshimu Nguvu, wanayoiamini kuwa imeenea kila mahali na kuviunganisha viumbe hai vyote. Hutafakari kwa ukimya na kujifunza kuzitawala hasira na hofu. Mwaka 2016 tume inayosimamia mashirika ya hisani ya England na Wales ilikataa kuisajili jumuiya ya Temple of the Jedi Order. Ilitoa hoja kwamba mafundisho yake hayana mshikamano wa kutosha, na kwamba mfuasi anaweza kuchagua ayapendayo.

Kigezo cha mshikamano kinahitaji tahadhari. Dini za jadi za Kiafrika, alizozitetea John Mbiti mwaka 1969, nazo ziliwahi kunyimwa hadhi ya dini kwa kukosa msahafu na kanuni ya imani iliyoandikwa. Hata hivyo, humo mtu huzaliwa akiwa tayari na wajibu kwa wazee, wahenga na jamii yake. Nguvu ya Ujedi haimdai mfuasi wake chochote. Kwa hiyo, udhaifu wa Ujedi hautokani na asili yake ya kubuni, bali na ukosefu wa wajibu.