Janáček na Sauti ya Maneno

Mwezi wa Februari 1903, mjini Brno, Leoš Janáček aliketi kando ya kitanda cha bintiye Olga, mwenye umri wa miaka 20, aliyekuwa akikata roho. Maneno ya mwisho ya mwanawe huyo aliyaandika kwa noti za muziki, jinsi sauti ilivyopanda na ilivyoshuka. Msomaji aweza kumdhania kuwa na moyo wa jiwe. Mimi naona kwamba hakuwa na njia nyingine ya kumshika.

Alizaliwa mwaka 1854 katika kijiji cha Hukvaldy, Moravia, mtoto wa mwalimu wa shule, naye akawa mwalimu. Alikusanya nyimbo za wanavijiji, kisha akazoea kunakili lahani ya usemi wenyewe: wachuuzi sokoni, watoto, wapita njia. Hazikuwa akiba ya kupachika katika tungo zake. Kwazo alijifunza jinsi moyo unavyojitoa kwa sauti kabla ya maana kufika.

Opera yake Jenůfa, aliyoitabaruku kwa Olga, haina beti. Maneno yake ni nathari, kutoka tamthilia ya Gabriela Preissová. Sisi tuliolelewa na vina na mizani twaweza kushtuka, lakini sikio halidanganyiki: mizani imo, ila imekaa ndani ya usemi, haikuvishwa kutoka nje. Katika magomvi yetu ya mashairi huru, pande zote mbili zingefaidika kumsikiliza mtu huyu.

Brno waliiona Januari 1904. Prague iliikataa kwa miaka 12. Mkuu wa opera kule, Karel Kovařovic, alikuwa naye mtunzi, na mwaka 1887 Janáček alikuwa ameihakiki opera yake kwa kejeli. (Wahakiki wenzangu na watie akilini.) Ilipokubaliwa, Mei 1916, Kovařovic aliipunguza hapa na pale na kuzipanga upya ala. Mtunzi alikuwa na umri wa miaka 61, na ndipo jina lake lilipoanza kutoka nje ya Moravia.

Aliyelitoa ni mfasiri, na hapa ndipo kazi hii inaponigusa mimi. Max Brod, rafiki wa Kafka, aliisikia Prague akaitia katika Kijerumani. Kwa lugha hiyo ikaonyeshwa Vienna mwaka 1918, kisha Berlin na New York mwaka 1924. Bila Brod, huenda tusingalijua habari zake.

Lakini lahani iliyozaliwa na lugha moja itavukaje? Kicheki huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya neno, nacho hakina vijineno vya kutangulia nomino. Kijerumani kinavyo, navyo hudai nafasi yao kabla ya pigo. Mswahili na alitamke neno barabara: mkazo ukiwa baRAbara, ni sawasawa, ukiwa baraBAra, ni njia. Sasa na afikirie opera nzima iliyosogezwa hivyo. Brod hakuishia hapo. Katika hadithi ya mbweha mjanja, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1924, alibadili hata mambo ya kisa ili kuwaunganisha watu na wanyama ambao Janáček aliwaacha mbalimbali kwa makusudi. Kosa la kwanza namsamehe, kwa kuwa ni la lugha. La pili ni lake.

Kilichoiokoa kazi, kwa maoni yangu, ni okestra. Janáček huchukua kipande kifupi, mara nyingi cha noti chache tu, akakirudia na kukigeuza hadi kikasema neno ambalo mwimbaji hakulisema. Zilofoni, ndugu ya marimba, inayogonga mwanzoni mwa Jenůfa ni gurudumu la kinu linalozunguka, nayo huingiza wasiwasi kabla mtu hajafungua kinywa. Hilo halihitaji mfasiri.

Janáček alifariki Agosti 1928. Baadaye Charles Mackerras na John Tyrrell walizirejesha ala za Jenůfa karibu na alivyozitaka mwenyewe, na santuri yao ikatoka katika miaka ya 1980. Siku hizi majumba mengi ya opera huziimba kazi zake kwa Kicheki, na tafsiri hupita kimya kwa maandishi ya taa, juu ya jukwaa.