Gramu 50 zilizomponza kijana

Nianze na lililoniuma. Mliohudhuria onyesho la kipimo cha pumzi mwezi uliopita mliona wenyewe: kijana mzima, tumbo halina shida, akakabidhiwa gramu 50 za fruktosi tupu kwenye nusu lita ya maji na kuambiwa amalize. Hapo ndipo kazi ilipoharibika. Kufunga usiku kucha, kusukutua mdomo, pumzi ya kuanzia, yote yalikwenda sawa.

Gramu 50! Embe bivu lina takriban gramu 5 za fruktosi katika kila gramu 100 za nyama yake. Basi yule kijana alinyweshwa fruktosi ya kilo nzima ya embe kwa mkupuo mmoja, tena bila ile glukosi na sukrosi ambazo embe huja nazo. Nani hula hivyo? GLUT5, mlango wa fruktosi kwenye utumbo mwembamba, haisukumwi na sodiamu kama SGLT1, ule wa glukosi. Fruktosi hupita kwa kadiri mlango unavyoruhusu. Inayobaki huvuta maji, hushuka utumbo mpana, na bakteria wa huko huichachua na kutoa haidrojeni, ambayo hutokea kwenye pumzi. Dakika ya 60 mashine ilisoma sehemu 31 za haidrojeni kwa milioni. Dakika ya 90, 58. Kijana alikuwa ameshajikunja kitini, na sisi wa safu ya mbele tulilisikia tumbo likinguruma. Mpimaji akatangaza: huyu hastahimili fruktosi.

Hapana. Nimelipigia kelele jambo hili miaka mingi: kutofyonza ni kitu kimoja, kutostahimili ni kingine. La kwanza husomwa kwenye haidrojeni, la pili kwenye dalili, na wapo ambao haidrojeni yao hupanda nao wasihisi chochote. Isitoshe, Truswell na wenzake wa Australia waliwapa watu wazima wenye afya gramu 50 hizo hizo mwaka 1988, na zaidi ya nusu hawakuzifyonza zote. Ukimpa mtu dozi kama hiyo unaipima dozi yenyewe, yeye humpimi.

Rumessen na Gudmand-Høyer, kule Denmark mwaka 1986, walikuwa na subira. Watu 10 tu, wote wenye afya, lakini kila mmoja alipimwa tena na tena kwa viwango tofauti mpaka ikajulikana anakomea wapi. Kuna aliyekomea kwenye gramu chache, na kuna aliyepita 50 bila taabu. Kisha wakachanganya fruktosi na glukosi, na ufyonzaji ukapanda. Kazi ya namna ile siioni siku hizi. Kila mtu anataka jibu kabla ya chakula cha mchana.

Na hata asiyewasoma wazee hao hana pa kujificha. Makubaliano ya wataalamu wa Amerika ya Kaskazini ya 2017 yanasema gramu 25, na ongezeko la kuhesabiwa ni sehemu 20 kwa milioni. Nusu ya alichopewa kijana!

Aliondoka ameambiwa aache embe, asali, hata machungwa, ambayo fruktosi na glukosi yake zinakaribiana. Alipaswa kuitwa siku nyingine apewe gramu 25, na siku ya tatu 25 hizo pamoja na 25 za glukosi. Pakiti ya glukosi ilikuwa pale pale mezani, kando ya mizani. Hakuna aliyeifungua.