Tawasifu ya Tippu Tip: Kusimulia na Kunyamaza

Kwa muda mrefu maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yamesomwa kama hati ya historia tu. Heinrich Brode aliyachapisha mwaka 1902 na 1903 kutokana na mswada wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Baadaye W. H. Whiteley aliyatafsiri kwa Kiingereza, na François Bontinck kwa Kifaransa (1974). Wote walishughulika zaidi na kusahihisha tarehe, kwani mwandishi mwenyewe hazijali. Makala haya yanauliza swali jingine: msimulizi huyu anatunga vipi?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa msomaji wa Lubunga, ukingo wa kushoto wa Mto Kongo, karibu na maporomoko ambako Tippu Tip alifika mwaka 1887 akiwa wali kwa niaba ya Leopold II. Kiswahili asemacho msomaji huyo, ambacho wengi walikiita Kingwana, kilifika huku pamoja na misafara ya waungwana. Hawezi basi kukisoma kitabu hiki kama habari za watu wa mbali.

Nathari yake ni ya mazungumzo. Kiambishi -ka- kinasukuma tukio juu ya tukio. Pembe zinahesabiwa kwa frasila. Mandhari hayaelezwi ila yanapozuia safari. Wapo wanaouona ukavu huu kuwa udhaifu. Mimi nauona kuwa fani ya mfanyabiashara atoaye hesabu, na hesabu huonyesha kile tu ambacho mwenyewe ametaka kionekane.

Kisa kilicho bora kuliko vyote ni cha Kasongo Rushie, mtawala wa Utetera. Tippu Tip alisikia kwamba zamani dada za mtawala huyo walitekwa wakapelekwa mbali. Akayakusanya majina na habari, kisha akajitangaza kuwa mjukuu wa mmoja wao. Mzee akamsadiki, akamwachia utawala, na pembe zikafuata. La ajabu ni kwamba msimulizi hamfichi msomaji hila hiyo. Anaisimulia kwa furaha ya mtu aliyecheza bao akashinda. Hapa tawasifu inajifichua yenyewe: mtu akiri kwamba alijitungia nasaba, nasi tumsadiki kwa kiasi gani katika kurasa nyingine?

Lakini kuna jambo zito zaidi. Mateka huyo wa kike ana jina na ukoo kwa sababu jina lake lina faida. Mateka wengi waliochukuliwa na misafara yake mwenyewe wanatajwa kwa jumla, kama mizigo. Kwa hiyo mwandishi anajua vema mateka ni nani: ni dada wa mtu, anayeliliwa kwao miaka mingi. Hila yake yote imejengwa juu ya ujuzi huo. Kunyamaza kwake kwingine hakuwezi kuitwa kutojua.

Tumlinganishe na Umara al-Yamani, mshairi na mwanahistoria wa karne ya 12, aliyeandika historia ya Yemen na kumbukumbu za mawaziri wa Misri. Naye alijiweka katikati ya habari zake, na kasida zake za sifa zilimpatia riziki. Hata hivyo aliendelea kuwalilia Wafatimi baada ya dola yao kuanguka mwaka 1171, na mwaka 1174 akauawa Cairo kwa kushtakiwa kula njama dhidi ya Salahuddin. Umara alikuwa na maombolezo. Tippu Tip hana. Hata vita vya 1892 hadi 1894, vilivyomuua mwanawe Sefu na kuvunja himaya aliyoijenga, havikumfanya abadili sauti yake ya hesabu.

Darasani, basi, nisingeanza na mkataba wake na Stanley, kama ifanyikavyo mara nyingi. Ningeanza Utetera, na kuwauliza wanafunzi ni nani mwingine katika kitabu hiki alikuwa na dada.