Tuanze na nguvu ya mwanafunzi, lakini tusisahau fosfori

Bandugu, kila mwaka wa masomo ukianza tunaalikwa kwenye semina za « tambua kipaji chako ». Sizipingi. Lakini wazo hilo lina historia, na tulisome vizuri mbele ya kulipigia makofi.

Lilitokea Marekani. Donald Clifton, profesa wa saikolojia ya elimu kwenye Chuo Kikuu cha Nebraska, aliona wenzake wanachunguza sana kasoro za watu. Yeye akachagua kuchunguza kile mtu anafanya vizuri. Njo kukatoka mtihani wa StrengthsFinder: unajibu maswali, na katika vipaji 34 unaonyeshwa vitano vyako vya juu. Mwaka 2002, yeye na Edward Anderson walitoa StrengthsQuest kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo. Mwaka 2008 Jennifer Bloom, Bryant Hutson na Ye He wakaandika juu ya ushauri wa hatua sita: kumpokea mwanafunzi mpaka woga umutoke, kumuuliza alichokwisha kuweza, kusikiliza ndoto yake, kupanga naye, kutekeleza, na kutoridhika mapema.

Kwetu wazo hili lina faida kubwa. Mwanafunzi wetu akienda kwa asista, swali la kwanza ni: « Umebakiza kozi ngapi? » Kwenye valve anasoma asilimia na neno moja tu. Hakuna mtu anamwambia: kwenye botania uko imara, tuanzie hapo. Na sasa tuko ndani ya LMD, iliyoenezwa kwenye vyuo vyetu tangu 2021-2022. Kredi uliyopata inabaki ya kwako, na njia za kuchagua zimeongezeka. Lakini wa kukusaidia kuchagua ni nani? Wengi wanaongozwa na mjomba, ao na bei ya minerval.

Hapo nakubaliana na Clifton. Ninapoachana naye ni pale wahubiri wa semina wanasema: « Achana na udhaifu wako, kuza nguvu yako tu. » Clifton mwenyewe hakufika huko, alisema udhaifu usimamiwe. Sisi wa agronomia tunajua sheria ya Sprengel na Liebig, ya karne ya 19: mavuno yanazuiwa na kirutubisho kilicho kichache kuliko vingine. Shamba likikosa fosfori, hata umwage azoti gunia nzima, maharagi haitaongezeka. Mwanafunzi mwenye kipaji cha kuongea na wakulima, lakini asiyejua takwimu, atakwama kwenye memwari. Takwimu njo fosfori yake.

Lakini shamba linafundisha upande mwingine pia. Udongo wenye tindikali ya Walungu, haulazimishwi kila zao. Unapima kwanza, unachagua kinachokubali, kisha unatia chokaa palipo lazima. Ushauri mzuri ufuate utaratibu huo: nguvu ikusaidie kuchagua njia, udhaifu unaozuia njia hiyo utibiwe, udhaifu mwingine uachwe.

Kuna shida ingine, nzito zaidi. Mtihani wa vipaji unategemea majibu yako mwenyewe, na majibu yanatoka kwa yale uliyoishi. Aliyesoma sekondari bila kugusa mikroskopu atajuaje kama mikono yake ni ya laboratwari? Msichana aliyelea wadogo zake tangu utoto atajibu kwamba anapenda kuhudumia watu. Mshauri mvivu atamwambia aende sekretaria, na nchi itapoteza mtaalamu wa udongo. Kipaji kisichopewa nafasi hakionekani kwenye karatasi. Tena mtihani wenyewe ni bidhaa ya kampuni ya Gallup, unalipiwa.

Maswali, hayalipiwi. Sisi tuliomaliza, kila mmoja achukue wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza na kuwauliza manne: Ni kazi gani ulifanya ukasahau saa? Ni nani alikushukuru kwa jambo gani? Ni kozi gani moja itakuzuia usipoishughulikia sasa? Ni kitu gani hujapata nafasi ya kujaribu?

Swali la nne sikulikuta katika hatua zile sita, na kwa mwanafunzi wa huku kwetu njo ningeanza nalo.