Jack Marsh na Ushahidi wa Tarakimu

Vitabu vya kumbukumbu za kriketi havisifu wala havilaumu. Huandika jina la mchezaji, idadi ya michezo yake na matokeo yake, kisha hunyamaza; na msomaji aghalabu huudhania unyamavu huo kuwa ni uadilifu. Habari ya Jack Marsh, mrushaji mpira wa New South Wales katika Australia, yatosha kuonyesha kwamba tarakimu nazo ni aina ya utungaji, na kila utungaji una la kusema na la kuficha.

Marsh alizaliwa yapata mwaka 1874 katika nchi ya mto Clarence, miongoni mwa watu wa Bundjalung, ambao ni wenyeji wa asili wa nchi ile. Alikuwa mkimbiaji hodari wa masafa mafupi kabla ya kusifika kwa kasi ya mpira wake. Michezo yake ya daraja la kwanza ilikuwa 6 tu. Katika hiyo alipata wiketi 34, kila moja kwa wastani wa mikimbio 21.47, yaani aliwatoa zaidi ya wapigaji 5 katika kila mchezo. Hesabu kama hiyo ni ya mtu aanzaye safari, wala si ya mtu aliyeshindwa. Basi mbona safari ilikatika? Kitabu hakijibu.

Jibu limo katika neno moja: kutupa. Sheria ya zama zile iliagiza mpira urushwe kwa namna ya mchezo, usitupwe kama mtu atupavyo jiwe. Lakini haikueleza mpaka ulio kati ya mambo hayo mawili. Mpaka ulikuwa jicho la mwamuzi. Mwaka 1900 Marsh aliposhitakiwa kwamba hukunja kiwiko, alikubali kufungwa vibao mkononi usipate kukunjika, akarusha vivyo hivyo. Hata hivyo, mwaka 1901 mwamuzi Bob Crockett aliibatilisha mipira yake mara nyingi katika mchezo wa kupambana na Victoria, na jina lake likatiwa doa lisilofutika.

Hapa mhakiki hana budi kupima kwa mizani iliyo sawa. Yamkini Crockett alisema alichokiona kwa moyo safi. Lakini Ernie Jones naye, mrushaji mweupe, alibatilishiwa mpira kwa kosa lilo hilo mwaka 1898, na baada ya hapo aliendelea kuichezea Australia. Kosa lilikuwa moja, adhabu mbili. Mwaka 1904, akiichezea Bathurst, Marsh aliwatoa Waingereza 5 kwa mikimbio 55. Juu ya hayo hakuchaguliwa kamwe kuiwakilisha nchi yake. Wala nchi yenyewe haikumhesabu: katiba iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1901 iliamuru wenyeji wa asili wasitiwe katika hesabu ya watu, na amri hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1967. Daftari la kriketi lilimhesabia wiketi zake, ilhali daftari la dola halikumhesabu yeye mwenyewe.

Marsh alikufa mwaka 1916 mjini Orange baada ya kupigwa. Watu wawili walishitakiwa, wakaachiliwa. Mwandishi ashikaye kalamu leo huvutwa na msiba huo, akautanguliza, na mchezaji akageuka kuwa mtu wa kuhurumiwa tu. Hilo nalo ni upungufu. Kitabu cha tarakimu humtaja Marsh bila dhuluma aliyotendewa; kitabu cha huruma hutaja dhuluma bila ustadi wake. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni; na haki ya Marsh haikamiliki kwa machozi. Zile wiketi 34 ndizo zionyeshazo ukubwa wa kilichopotea, na bila ya kuzijua msomaji hawezi kujua Australia ilijinyima nini.