Maneti ya Pili

Tunapofundishwa uhakiki wa riwaya tunaambiwa tutazame fani na maudhui: msuko, wahusika, mandhari, lugha, kisha dhamira. Gemu ya mpira ina mambo hayo yote, na bado hayatoshi kuihukumu. Riwaya husomwa na mtu mmoja ikakamilika. Gemu ya watu wawili haikamiliki mpaka mtu wa pili ashike maneti, kama tunavyokiita hapa Bujumbura kile kidude chenye vitufe. Kwa hiyo naona gemu ya namna hii ipimwe kwa kazi inayomwachia huyo wa pili. Kwa kipimo hicho, gemu ya zamani yenye mapengo inazishinda mpya zilizokamilika.

Gemu ninayoihakiki ni Pro Evolution Soccer 6 ya kampuni ya Konami ya Japani, iliyotoka mwaka 2006. Mimi na dada yangu tuliicheza kwenye PlayStation 2 iliyopita mikono mingi kabla ya kufika kwetu Buyenzi. Kwa upande wa fani imetengenezwa vizuri: mpira una uzito wake, haugandi mguuni, na pasi ya pupa haifiki. Lakini Konami haikuwa na haki ya kutumia majina ya klabu nyingi. Liverpool iliitwa Merseyside Red, Chelsea ikaitwa London FC. Timu ya taifa ya Burundi haikuwamo kabisa. Watangazaji, Peter Brackley na Trevor Brooking, walisema Kiingereza ambacho nyumbani kwetu hakuna aliyekifuata.

Pengo la majina ndilo lililotupa Vital'O. Gemu iliruhusu mchezaji kubadili majina na jezi za timu hizo za bandia, basi dada akaifuta Merseyside Red, akaandika Vital'O na kuivika zambarau. Vital'O si jina dogo hapa mjini: ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1992, na mwaka 2013 ikatwaa Kombe la Kagame. Steven Gerrard akawa kiungo wetu bila kuulizwa. Kazi yote hiyo ilihifadhiwa kwenye kadi ya megabaiti 8, na kadi hiyo ililindwa nyumbani kuliko mashine yenyewe.

Pengo la lugha lilizaa jambo kubwa zaidi. Dada alizima sauti ya televisheni akatangaza mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa mtindo aliouokota katika redio za Tanzania siku za Simba na Yanga. "Anamtoka mmoja, anamtoka wa pili, huyu wa tatu anapigwa tobo, mama yangu!" Shuleni tulisoma Kifaransa, ukoo ulizungumza Kirundi na Kiswahili, na Kiswahili cha kusimulia jambo kwa mpangilio nilikipata kwanza kwake. Alijua taharuki ni nini kabla ya kukutana na neno hilo darasani: mpira ulipokaribia boksi alishusha sauti, akavuta maneno, akakuacha unangoja.

Mhakiki anapaswa kuona tofauti iliyopo hapa. Brackley hakuwa na timu. Sauti yake ilirekodiwa studio na haikujali nani anafungwa. Dada alikuwa mtangazaji anayecheza. Alitangaza goli kabla hajapiga shuti, nami nikayumba, kipa akabaki amesimama. Maneno yake yalikuwa sehemu ya pambano. Katika ngano zetu msimuliaji hutegemea hadhira imjibu. Hapa hadhira ilikuwa mimi, na jibu langu pekee lilikuwa kusawazisha.

Pengo la tatu ni la haki. Gemu ilimpa Adriano wa Inter shuti kali kupita kiasi; akiupata mpira mita thelathini kutoka golini, kipa huna. Mashine haikuona tatizo. Sisi tuliliona, na baada ya ugomvi wa wiki nzima tukatunga sheria: hakuna kuchukua Inter. Ikafuata sheria ya umeme: ukikatika baada ya mapumziko, anayeongoza kwa magoli mawili ameshinda, chini ya hapo ni sare. Dada alikuwa mkubwa na angeweza kuninyang'anya maneti wakati wowote, kwa hiyo kila sheria ilimbana yeye kuliko mimi, na alizikubali. Dhamira ya gemu hii, kama ina dhamira, ndiyo hiyo: watu wawili watakaolala chumba kimoja baada ya mechi wanatafuta namna ya kushindana bila kuonewa. Konami haikuiandika. Iliacha tu nafasi.

Gemu mpya zimeziba mapengo, na si haki kuzidharau. FIFA 15, iliyotoka mwaka 2014, ilikuwa na klabu zote 20 za Ligi Kuu ya Uingereza kwa majina yake ya kweli, na ndani ya West Bromwich Albion alikuwamo Saido Berahino, aliyezaliwa hapa Bujumbura mwaka 1993. Katika kibanda cha gemu mtaani Bwiza niliona vijana wakiiacha Real Madrid ili wamchezeshe yeye. Mwaka 2015 FIFA 16 ikaleta timu 12 za taifa za wanawake, na dada yangu akauliza mbona wamechelewa. Kujiona ndani ya kazi ya sanaa ni jambo la thamani.

Lakini nguvu kubwa ya gemu hizi sasa imewekwa kwenye Ultimate Team, ambako mtu hununua kwa fedha halisi pakiti za wachezaji bila kujua nani yumo. Ubelgiji iliona huko ni kuchezesha kamari, na mwaka 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza pointi zake nchini humo. Mimi nina lawama nyingine. Mpinzani wako ni mgeni aliye upande wa pili wa intaneti. Huwezi kumwambia asichukue Inter. Huwezi kumtangazia goli kabla hujafunga. Mwenye fedha ananunua Adriano wake, na hakuna wa kukaa naye wiki nzima mkatunga sheria. Maneti ya pili bado inachomekwa kwenye mashine, ila imeachiwa kazi ndogo.

Kuna watakaosema dawa ni kampuni kutuletea utangazaji wa Kiswahili pamoja na Intamba mu Rugamba, timu yetu ya taifa iliyocheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza nchini Misri mwaka 2019, ikafungwa mechi zote tatu bila kupata hata goli moja. Nami naitaka gemu hiyo, na nitaicheza siku itakapofika. Naomba tu ibaki na sehemu ya kuandika majina yetu, na kitufe cha kumnyamazisha mtangazaji.