Goliathi wa Misituni: Uhakiki wa Jina na Maelezo

Katika miaka ya 1760 mdudu mmoja aliyekufa aliokotwa akielea katika mto Gabon. Ogilvie, tabibu wa manowari ya Kiingereza, alimpeleka Uingereza. Dru Drury akachapisha picha yake mwaka 1770, na mwaka uliofuata Linnaeus akampa jina: Scarabaeus goliatus. Hivyo mbawakavu huyu, anayeishi pia katika misitu ya Kongo, aliingia vitabuni akiwa mzoga. Athari za chanzo hicho hazijafutika.

Jina latamka sifa moja tu, nayo ni ukubwa. Dume huweza kufikia milimita 110, kwa hiyo sifa si ya uongo. Lakini Goliathi wa Maandiko hukumbukwa kwa kuanguka kwake zaidi kuliko kwa kimo chake. Tena, aliye mzito kuliko wote katika ukoo huu si mdudu mpevu bali ni buu lake, linaloweza kufikia gramu 100 hivi. Naye hakuonekana na yeyote kati ya waliotoa jina. Mwaka 1801 Lamarck aliunda jenasi na kuiita Goliathus, kwa h. Spishi ikabaki goliatus, bila h, maana kanuni huhifadhi tahajia ya kwanza. Wenye kulaumu maendelezo ya Kiswahili kuwa hayajatulia wangefaa kuutazama Ulatini huu.

Kuhusu umbo, maelezo yaliyozoeleka ni mazuri katika rangi: sehemu ya mgongo iliyo nyuma ya kichwa ni nyeusi yenye mistari myeupe ya wima, na mbawa za juu ni za hudhurungi iliyoiva. Udhaifu unajitokeza katika jinsia. Dume huelezwa kwa alicho nacho, yaani pembe yenye panda mbili, ambayo ni silaha yake dhidi ya madume wenziwe. Jike huelezwa kwa alichokosa: "hana pembe", basi. Lakini kichwa chake kina umbo la kabari, nacho humsaidia kufukua udongo anapotaga mayai. Hicho ni chombo kamili, na maelezo yanayokiita upungufu yamepotoka katika lugha kabla ya kupotoka katika elimu.

Kiswahili kina nini cha kuchangia? Neno mbawakavu lenyewe ni maelezo. Wayunani waliona ala juu ya mbawa, na kutoka kwao sayansi ikapata jina la oda nzima, Coleoptera; Kiswahili kiliona ukavu. Kwa mdudu huyu, hata hivyo, tafsiri ya pupa itakwama. Mbawakavu wengi hufunua mbawa kavu wanaporuka. Goliathi na jamaa zake huziacha zimefungwa, na mbawa laini za chini huchomoza ubavuni. Mzoga uliookotwa majini usingeweza kulionyesha jambo hilo.

Mwandishi wa kitabu cha shule aliache jina la Kilatini kama lilivyo, kwa kuwa ni la mataifa yote. Maelezo yake yaanze kwa mdudu aliye hai, akifyonza utomvu mtini, jike na dume, kisha aruke.